Supu ya kichwa cha chewa imetuponza, sasa naambiwa mchawi ni mimi

BARUA

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni, na riziki yangu ni supu ya samaki. Alfajiri navuka na pantoni kwenda Feri, nanunua vichwa na mifupa kwa wakata samaki, narudi, na saa moja asubuhi sufuria langu linachemka. Wateja wangu ni bodaboda, makondakta na mafundi gereji. Kichwa cha chewa ndicho kilichomsomesha mwanangu mkubwa mpaka hapa alipofika.

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye anavua, alituletea chewa mkubwa ajabu. Kichwa peke yake kilijaza beseni. Alikuwa mbichi kabisa, matamvua mekundu, macho maangavu, hana hata harufu. Ilikuwa Jumapili, biashara nimefunga, nikaona leo tule wenyewe. Nilimwosha kwa ndimu na chumvi, nikachemsha kichwa pamoja na ini na mayai yake, nikatia pilipili na nyanya. Mume wangu alikula ini lote, maana kwao ini la chewa ni la mwenye nyumba. Mama mkwe akachambua kichwa. Mimi nilipata bakuli la mchuzi tu, nilikuwa nahangaika na mtoto mdogo ambaye bado ananyonya. Mkubwa samaki hapendi, alikula chapati na maharage.

Usiku ule hatukulala. Mume wangu alitapika na kuhara mpaka akaishiwa nguvu, mama mkwe naye hivyohivyo. Asubuhi tukawapeleka zahanati, wakatundikiwa dripu. Malaria hawakuonekana nayo, wakaambiwa ni taifodi, wakapewa vidonge vya kumeza siku saba. Kuhara kukakoma.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikuandikie. Mume wangu midomo ikaanza kufa ganzi, na ncha za vidole. Miguu inamchomachoma. Usiku mwili unamwasha na hakuna kipele hata kimoja. Magoti yanauma, anasema hata meno anahisi yamelegea. Na kubwa zaidi, Shangazi: maji ya baridi yanamwunguza! Akishika chupa ya soda iliyotoka kwenye friji anaiachia ianguke. Feni ikimpuliza anasema zima, inanichoma. Katika joto hili la Dar namchemshia maji ya kuoga.

Mama mkwe alipata nafuu mapema, na nafuu ikaja na maneno. Kwanza alisema wavuvi wamempaka samaki dawa ya maiti. Kisha mume wangu alipoanza kupata ahueni alikwenda harusini akanywa bia mbili, usiku uleule ganzi ikamrudia kama mwanzo. Hapo mama akabadili kibao: mwanawe amerogwa, na aliyemroga yuko jikoni, kwa sababu wote tumekula chungu kimoja na mimi sikuugua. Ukweli ni kwamba viganja viliniwasha siku mbili, na mtoto aliharisha kidogo nikadhani anaota meno, ila sikumwambia mtu. Sasa ameleta mganga anayetaka laki tatu na mbuzi mweusi.

Naomba unisaidie. Ni samaki kweli? Ningechemsha zaidi, au ningezidisha ndimu, yasingetokea? Jirani yangu anasema angekunywa dafu mapema sumu ingetoka, na kwamba nihamie biashara yake ya chaza, maana chaza ni salama, unampasua akiwa hai. Nimefunga biashara tangu siku ile, naogopa kuua watoto wa watu. Kipande cha yule chewa bado kipo kwenye friza, mama anataka nikitupe.

Mama Supu, Kigamboni


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na poleni nyote, hata mama mkwe.

Nilikuwa naisoma barua yako huku nikihesabu magonjwa ya tumbo niliyoyaona miaka yangu ya uuguzi, mpaka nilipofika kwenye chupa ya soda. Taifodi haifanyi baridi imwunguze mtu. Malaria haifanyi. Samaki aliyevunda hufanya utapike, lakini baada ya wiki tatu hakuachi unaogopa feni. Mtu aliyekula samaki mkubwa wa mwambani, akatapika na kuhara usiku uleule, kisha akapata ganzi ya midomo na vidole, mwasho usio na upele, meno kuhisi yamelegea, na baridi kugeuka moto, huyo ana kila dalili ya ugonjwa uitwao siguatera. Siwezi kumpima mumeo kwa barua, na daktari ndiye atakayesema neno la mwisho. Ila ningekuwa wewe, laki tatu ya mganga ningeifunga kwenye kanga.

Sumu yenyewe haikutoka kwako, wala kwa shemeji, wala kwa muuzaji. Imetoka baharini imo ndani ya samaki. Kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, wataalamu wanauita Gambierdiscus. Usiuchanganye na mwani ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima kwenye kamba. Huu ni wa chembe moja moja, na hukaa kwenye majani mafupi yanayoota juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa. Samaki wadogo wanaochunga mwambani huyala majani hayo na kuumeza mwani humohumo. Wakubwa kidogo huwala hao. Chewa anakuja mwisho, na anaishi miaka mingi, kwa hiyo kila alichokula wenzake kinaingia kwake na kubaki. Yeye mwenyewe haumwi. Anaogelea, ananona, matamvua yanabaki mekundu.

Ndiyo maana ubichi wake haukukusaidia. Sisi wa pwani tumefundishwa kumpima samaki kwa jicho, kwa tamvua na kwa pua, na mafunzo hayo ni mazuri kabisa kwa samaki aliyelala. Kwa sumu hii hayana kazi. Haina harufu, haina ladha, haina rangi. Moto hauiondoi, barafu haiiondoi, chumvi, moshi na jua haviiondoi. Ndimu nayo ungeweza kukamua gunia zima. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: Wamarekani wameweka kiwango cha tahadhari cha mikrogramu 0.01 kwa kilo moja ya samaki kwa ile sumu kali ya Bahari ya Pasifiki, yaani uchukue gramu moja uigawe mara milioni 100, kisha kipande kimoja tu ukitie kwenye kilo ya nyama.

Sasa rudi mezani kwako Jumapili ile uone nani alikula nini. Sumu ya siguatera hujikusanya zaidi kwenye ini, mayai, matumbo na kichwa kuliko kwenye minofu. Mumeo amekula ini lote, ndiye aliyeumia kuliko wote. Mama amekula kichwa, ameumia akapona mapema. Wewe umekunywa bakuli la mchuzi, viganja vikawasha siku mbili. Mchawi gani huyo anayeroga kwa kufuata vipande vya samaki? Na kosa lako, kama ni kosa, ni kunyamaza. Ungesema tangu mwanzo kwamba nawe uliwashwa, mama asingepata pa kushikia. Mwambie leo.

Na bia zile mbili. Hili watu wengi hawalijui, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Mtu aliyepata siguatera akinywa pombe katika miezi inayofuata, dalili zinaweza kurudi usiku uleule. Akila samaki tena, hata samaki mzuri asiye na sumu, zinaweza kurudi. Korosho, karanga na jamii yake zimewarudisha wengine, na kazi nzito ya kutoa jasho jingi vilevile. Kwa hiyo kwa miezi 3 mpaka 6 mumeo asiguse pombe, samaki wala korosho. Najua kumwambia mtu wa Kigamboni akae miezi 6 bila samaki ni adhabu, lakini maharage yapo, na mtoto wako mkubwa atafurahi kupata mwenzake.

Ugonjwa huu si mgeni duniani, ni mgeni tu kwenye masikio yetu. Mwaka 1774 mabaharia wa James Cook walikula samaki wakubwa wekundu katika visiwa ambavyo leo ni Vanuatu, wakapata maumivu na ganzi za namna hii, na hata wanyama wa melini waliokula masalia waliugua. Siku hizi inakadiriwa watu kati ya 10,000 na 50,000 huugua kila mwaka duniani, wengi wakiwa watu wa visiwani katika Pasifiki na Karibi. Bahari yetu ya Hindi nayo haijasalimika, Réunion na Mauritius wanaufahamu vizuri. Kwetu ukitokea, naamini mara nyingi unaandikwa "sumu ya chakula" au "taifodi" na faili linafungwa. Na miamba yetu tumeitendea vibaya: baruti za wavuvi kwa miaka mingi, halafu joto la bahari la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi upande huu wote wa bahari. Mwamba uliokufa huota yale majani, na majani ndiyo nyumba ya mwani huu.

Hospitali sasa. Usimpeleke mumeo tena ukasema "anaumwa ganzi". Sema hivi: "Alikula ini la chewa mkubwa, sisi watatu tuliokula chungu hicho tuliugua, na tangu hapo baridi inamwunguza." Sentensi hiyo ina thamani kuliko vipimo vingi, kwa sababu hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoonyesha siguatera. Daktari huitambua kwa kusikiliza. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke iko upande wenu. Waombe wampime mapigo ya moyo na presha, kwa sababu sumu hii inaweza kuvishusha vyote viwili. Akiwa anaona kizunguzungu akisimama, au moyo unapiga polepole, asikae nyumbani hata siku moja. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haijapatikana. Zipo dawa za kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu na za mwasho, daktari ataamua. Zamani walitegemea dripu ya manitoli, lakini ilipopimwa na dripu ya kawaida ya maji na chumvi haikuonyesha kuishinda, kwa hiyo msikubali kukamuliwa fedha kwa ajili yake wiki ya tatu hii. Vidonge vya taifodi havina kazi hapa.

Dalili hupungua taratibu kwa wiki au miezi, kwa wachache huchukua muda mrefu zaidi. Kuua, huua mara chache sana. Mumeo amepita pale pabaya.

Mtoto anayenyonya: imeshaandikwa na madaktari kwamba sumu hii inaweza kupita kwenye maziwa ya mama, na watoto kuharisha au kuwashwa. Huenda kile ulichodhani ni meno kilikuwa hicho, huenda kweli yalikuwa meno. Kwa kuwa wiki tatu zimepita na mtoto anacheza, usimwachishe ziwa kwa hofu. Mtaje tu kwa daktari siku hiyohiyo.

Dafu la jirani: ni kinywaji kizuri kwa mtu anayetapika na kuhara, linarudisha maji na chumvichumvi. Kutoa sumu, hapana. Ningempa mgonjwa dafu njiani kuelekea hospitali, nisingempa nikakaa naye barazani kusubiri limfanyie kazi.

Tena jirani huyohuyo na chaza zake. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu kati ya sumu za mwani ile ya chaza na kome ndiyo inayonitisha kuliko ya chewa wako. Chaza hakimbizi chakula. Anakaa kwenye jiwe anachuja maji mchana kutwa, na kila kilichomo majini anakihifadhi. Mwani fulani ukistawi ghafla, kwa mfano ule wa jamii ya Alexandrium, chaza hujaa sumu iitwayo saksitoksini. Yuko hai, amefunga gamba lake, mtamu. Unamla, na katika nusu saa au saa mbili midomo inakufa ganzi, ganzi inashuka shingoni na mikononi, na ikizidi misuli ya kupumua inasimama. Mwaka 1987 pwani ya Guatemala, mahali paitwapo Champerico, watu 187 waliugua kwa supu ya kombe na 26 wakafa, watoto wakiwa wengi kati yao. Mwaka huohuo huko Kanada, kome wa Kisiwa cha Prince Edward walikutwa na sumu nyingine ya mwani, asidi ya domoiki. Zaidi ya watu 100 waliugua, watatu walifariki, na baadhi ya waliopona walibaki hawakumbuki mambo mapya. Tangu hapo nchi zinazofuga kome hupima nyama yake mara kwa mara, na saksitoksini ikizidi mikrogramu 800 kwa kilo, uvunaji unafungwa mpaka ishuke. Chaza anayepasuliwa ufukweni Kunduchi au Msasani hajapitia maabara yoyote.

Sisemi chaza wa Dar wana sumu. Watu wanawala kila maji yakipwa na wanarudi kazini. Nasema "yuko hai" si kipimo, kama "yuko mbichi" ulivyokuwa si kipimo. Na ukiona bahari imebadilika rangi, nyekundu au kahawia, au samaki wamekufa wamesukumwa ufukweni bila sababu, acheni chaza na kome kabisa, ingawa maji meupe nayo hayatoi hakikisho. Mtu akila kome akasema "midomo inakufa ganzi", mpakieni kwenye bajaji dakika ileile. Msimlazimishe kutapika, koo lenye ganzi linapaliwa. Kinachomwokoa ni mashine ya kumpumulia mpaka sumu itoke mwilini yenyewe, na akivuka siku ya kwanza kwa kawaida anapona vizuri.

Umesema shemeji ni mvuvi, basi nina jambo moja la kumtuma: kasa. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walikufa watu saba, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Inadhaniwa kasa huipata sumu hiyo kwenye mwani anaoula. Kumvua kasa ni kosa kisheria, lakini akinasa wavuni wapo wanaomgawana kimyakimya gizani. Shemeji asimlete nyumbani, na akigawiwa akatae.

Papa najua utaniuliza, Mswahili na papa mkavu hawaachani. Mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, papa mmoja tu aliwapeleka mamia ya watu hospitali na makumi wakafa. Ni tukio la nadra mno, na mimi papa wa nazi bado ninamla. Ini lake ndilo siligusi.

Dawa ya maiti nayo, mama hakuiota, ni hofu iliyoenea sokoni. Lakini dawa ile haimfanyi mtu akimbie soda ya baridi. Na jodari au vibua waliokaa juani huleta kitu kingine: uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, mwili kuvimba vipele ndani ya dakika chache au saa moja, na huisha siku hiyohiyo kwa dawa za mzio. Nako pia kuchemsha hakusaidii, kwa hiyo jodari mnunue kwenye barafu au mwache.

Tuje kwenye sufuria lako, maana naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko mama mkwe.

Fungua biashara. Lakini badilisha unachonunua. Hatari yako kama mpika supu ni tofauti na ya mama anayepika nyumbani: kichwa kimoja cha chewa mkubwa kinaingia kwenye sufuria moja na kutoka kwenye mabakuli ya watu wengi asubuhi moja. Siku kichwa kibaya kikiingia, na inaweza isitokee miaka kumi, kitawapata wateja wote kwa pamoja, na jina lako litaishia pale. Kwa hiyo acha wale wakubwa wawindaji wa mwambani: chewa mkubwa, mzia, kolekole mkubwa, na mkunga ambaye ana sifa mbaya kuliko wote. Hata nguru akiwa mkubwa sana mwangalie mara mbili. Kule Queensland, Australia, nguru wa aina hiihii ya kwetu wameshawaponza watu.

Nunua wadogo. Samaki wa sahani, anayetosha mtu mmoja au wawili: changu, tasi, chewa mdogo ukimkosa kabisa mwingine. Si kinga kamili, lakini samaki mdogo hajapata miaka ya kukusanya. Vichwa vya jodari ni vizuri, anaishi bahari kuu mbali na mwamba. Sato na sangara wa Ziwa Victoria hawahusiki na sumu hii hata kidogo, na vichwa vya sangara vina mafuta, mchuzi wake unakuwa mzito. Bodaboda watanung'unika wiki moja kwamba supu haina chewa. Ongeza ukwaju na pilipili mbuzi, watanyamaza.

Ini, mayai na matumbo ya samaki yeyote wa mwambani, mkubwa au wa wastani, yasiingie sufuriani. Hili ndilo gumu, najua, kwa sababu wapo wateja wanaolipia zaidi ili wapate ini. Waambie limeisha. Kila siku limeisha. Na usimjaribishe paka kwanza kama wafanyavyo wengine, paka hutapika haraka akabaki mzima, ukadhani chakula ni salama.

Kile kipande cha friza usikitupe, na asikile mtu wala mnyama. Kifunge kwenye mifuko miwili, andika juu SUMU na tarehe, mpelekee habari afisa afya wa kata yako. Sampuli za namna hiyo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usiogope kwamba utashtakiwa. Umekula na familia yako, hukumuuzia mtu. Waombe wakuandikie kwamba umeripoti, karatasi hiyo itakufaa hata nyumbani.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Usibishane na mama mkwe. Yeye ni mzazi aliyeona mwanawe anageuka usiku mmoja, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Zahanati iliyosema taifodi nayo ilimwachia pengo, mganga akalijaza. Siku ya kwenda hospitali mchukue mwende naye, akae ndani wakati daktari anaeleza, aulize maswali yake yote, hata la uchawi. Atalimeza likitoka kwa daktari, likitoka kwako litamkwama. Ila mumeo ndiye anayenishangaza. Barua nzima hujaniandikia neno moja alilosema kukutetea. Mdomo wake una ganzi lakini si bubu. Mwambie Shangazi amesema, kabla ya mbuzi mweusi kununuliwa, yeye ndiye atakayemkalisha mama yake na kumwambia kwamba ini alikula mwenyewe kwa mkono wake, na bia alikunywa mwenyewe kwa hiari yake.

Kisha muulize shemeji walimvua chewa yule mwamba upi. Asikupe jibu la "huko nje". Ataje mwamba, na kama kuna wengine walionunua samaki wa siku ile wakaugua. Jina la mwamba huo mpeni afisa afya pamoja na kile kipande, na shemeji awaambie wenzake wa chombo wasipeleke mnadani wakubwa wanaotoka pale mpaka majibu ya maabara yarudi.